Kabla ya hesabu za nukta kwanta, wapeleke ufukweni

Nafundisha fizikia kidato cha tano na sita hapa Mtwara. Mara ya kwanza kugusia nukta kwanta nilijaza ubao hesabu dakika arobaini nzima. Nikauliza nani ana swali. Kimya. Mmoja tu akataka kujua kama hiyo mada inatoka kwenye mtihani.

Siku hizi naanzia ufukweni Mikindani, maji yakishakupwa. Wanafunzi kumi wanasimama kwenye mstari mmoja, kila mtu akimbie mwendo wake na asiubadilishe. Filimbi ya kwanza, wanaondoka. Sekunde ishirini hazijaisha wameshatawanyika kama mbuzi waliokata kamba. Filimbi ya pili, geuka! Sekunde nyingine ishirini, wote wanakanyaga mstari kwa pamoja.

Hapo ndipo nataja nukta zenyewe: vipande vya semikondakta, yaani maada inayopitisha umeme kiasi, vyenye upana wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Hazilingani ukubwa, na kadiri ilivyo ndogo ndivyo wimbi lake la mwanga linavyotetemeka haraka. Mpigo wa leza huzianzisha hatua moja, kisha kila moja inashika mwendo wake na mwanga wao wa pamoja unazimika. Mpigo wa pili ni ile filimbi ya kugeuka: baada ya muda uleule mwanga unachomoza tena wenyewe. Ni mwangwi wa fotoni, yaani wa chembe za mwanga, ulioonekana kwanza kwenye rubi mwaka 1964.

Wakatazeni kushindana. Wangu wa mwanzo walirudi mbio kila mtu akitaka ushindi, jaribio likafa.

Halafu kuna yule aliyesimama njiani kumkwepa kaa. Nusura nimgombeze, kumbe kanifundishia. Tofauti za mwendo zinarudishika. Aliyevurugwa njiani ndiyo basi tena. Kaa wa nukta ni fononi, yaani mitetemo ya atomi, na ndiyo maana maabara huzipoza. Nukta za indiamu, galiamu na aseniki zikiwa kwenye kelvini 7, sawa na nyuzi 266 chini ya sifuri, hushika hatua pikosekunde mia kadhaa (pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde). Kwenye joto la chumba haifiki hata pikosekunde moja.

Sasa kaa nawapanga mwenyewe: wenzao watatu wanazurura katikati ya njia, na atakayegongana nao lazima asimame kidogo. Tunakimbia sekunde kumi, ishirini, arobaini, tukihesabu kila mara waliofika mstarini kwa wakati. Grafu wanaichora palepale mchangani kwa kijiti, inashuka, na hesabu za ubaoni nazitoa kesho yake.