Mama yuko kliniki mbili, nani azungumze na nani?

Pole kwa kuuguza, mdogo wangu. Umesema mama yuko CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, anatumia dawa ya VVU yenye dolutegravir mara moja kwa siku, sasa kaanzishiwa dawa za kifua kikuu kliniki nyingine, na kila mhudumu anakwambia "hilo kaulize kule". Usikubali kuzungushwa.

Rifampisini, iliyomo kwenye vidonge vya TB, hufanya ini liivunje dolutegravir haraka, kiasi chake mwilini kikashuka. Ndiyo maana mtu mzima kwa kawaida huongezewa kidonge kingine cha dolutegravir cha miligramu 50, kipishane na cha kwanza kwa saa 12, na huendelea nacho wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini. Usimwongezee mwenyewe nyumbani. Daktari wa CTC ndiye aandike, mfamasia ahakiki, na muuguzi wa TB naye ajue.

Kesho beba kadi zote mbili na dawa zote, hata za presha na za mitishamba, kwenye mfuko mmoja. Anzia dirisha la dawa: "Naomba uziangalie hizi kwa pamoja." Mfamasia akiona tatizo, mwombe ampigie daktari palepale, kisha yaandikwe kwenye kadi, maana maagizo ya mdomo hupotea njiani. Usione haya. Mimi ni mfamasia, na simu kama hizo ni sehemu ya kazi yetu.

Macho ya mama yakiwa ya manjano, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke siku hiyohiyo.