Jibu: Biodizeli ya mafuta ya nazi italipa hapa Tanga?

Ndugu yangu, umeuliza kama biodizeli (dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya kula) ya nazi inaweza kushindana kwa bei na dizeli ya pampu. Kwa bei za sasa, hapana. Lita moja ya mafuta ya nazi hutoa takribani lita moja ya biodizeli, kwa hiyo kabla hujagusa methanoli (alkoholi inayochanganywa na mafuta kutengeneza biodizeli) umeshalipa bei ya mafuta ya kula, inayoizidi ya dizeli. Malighafi peke yake hula zaidi ya asilimia 70 ya gharama.

Mimi ningeanza na mafuta yaliyokwisha kaangia, yale meusi yanayomwagwa mtaroni nyuma ya vibanda vya chipsi Ngamiani. Yachuje, uyachemshe maji yaishe kabisa. Maji yakibaki utapata sabuni badala ya biodizeli. Halafu linganisha gharama yako na bei kikomo ya dizeli ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) ya Tanga, siyo ya Dar.