Oksijeni 98%, damu 7: kipimo kipi kinasema kweli?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama, si mjamzito. Siku hizi nikipanda ngazi nahema na moyo unakwenda mbio. Hospitalini walinibana kidole kwa kile kifaa kidogo, kikasoma oksijeni 98%. Muda si mrefu majibu ya maabara yakatoka: damu ni 7. Kama oksijeni inakaribia 100, mbona nahema? Au kifaa ni kibovu?

Jibu: Marahaba. Kifaa ni kizima na maabara hawajakosea. Kila kipimo kinajibu swali lake.

Karibu oksijeni yote ya damuni husafiri ikiwa imeshikwa na himoglobini, protini yenye madini ya chuma iliyo ndani ya chembe nyekundu. Inayoyeyuka tu kwenye damu ni kiduchu, kama mililita 0.3 katika kila mililita 100. Molekuli moja ya himoglobini ina nafasi nne za oksijeni. Kifaa cha kidoleni hupitisha mwanga mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, hufuatilia damu inayoruka na mapigo, kisha hukadiria: kati ya nafasi zilizopo, ngapi zimejaa? Zako zimejaa 98 katika kila 100, dalili kwamba mapafu yanapakia vizuri. Nafasi zenyewe ni nyingi au chache, hakijui. Hilo hujibiwa na ile 7, yaani gramu za himoglobini katika mililita 100 za damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu.

Tupige hesabu. Gramu moja ya himoglobini iliyojaa hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Kwa mwenye 14, kila mililita 100 za damu inayotoka moyoni hubeba mililita 18 hivi. Kwako ni 9. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita 5 kwa dakika, kwa hiyo yeye hupelekewa mililita 900 na ushei kila dakika, wewe 460. Mwili uliotulia hutumia kama 250 tu, ndiyo maana ukikaa unaona nafuu.

Kasoro huonekana kwenye damu inayorudi. Ya mwenzako hurudi moyoni ikiwa bado imejaa zaidi ya 70%, na hiyo ndiyo akiba yake. Yako, kama moyo usingeongeza kazi, ingerudi chini ya 50%. Kifaa hakikuonyeshi hilo kwa sababu kinasoma damu ya ateri inayokwenda, si ya vena inayorudi. Sasa panda ngazi: misuli ya mapaja inadai oksijeni mara nyingi zaidi, na akiba ni ndogo. Moyo unalazimika kuzizungusha haraka chembe zilezile chache, zifike mapafuni, zipakie, zirudi tena.

(Kifaa hichohicho hudanganya kweli kwa aliyevuta moshi wa mkaa chumbani. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyo kwenye moshi huo, hukalia nafasi za oksijeni, nacho huzisoma kana kwamba zimejaa oksijeni.)

Kuvalishwa barakoa ya oksijeni peke yake hakutakusaidia sana, maana nafasi ulizonazo zimeshajaa. Kinachotakiwa ni kuongeza himoglobini, na kwanza kujua imepotelea wapi: hedhi nzito, kidonda cha tumbo kinachovuja damu, minyoo ya safura, upungufu wa madini ya chuma, au ugonjwa wa damu yenyewe. Usinunue vidonge vya kuongeza damu ukaishia hapo. Hata tiba ikiwa sahihi, uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza chembe za damu, huhitaji wiki kadhaa kujaza pengo.

Kwa 7, rudi kwa daktari wiki hii hii uchunguzwe chanzo. Ukianza kuhema hata ukiwa umekaa, kifua kikiuma, ukizimia, au ukiona choo cheusi kama lami, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Huenda ukahitaji kuongezewa damu.