Nimeajiri wanne waliotoka ndani

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Mtu akitoka gerezani, nani ampe kazi, na iwe kazi gani?" Najua wengi watajibu serikali. Mimi nina karakana ya fanicha kando ya Barabara ya Ngong, mafundi saba kazi ikichanganya na watatu ikifika Januari. Tangu 2016 nimeajiri watu wanne waliotoka ndani. Watatu walinifaa, mmoja alinitoroka na pesa za mteja. Nitamtaja naye pia, maana nikimruka mtasema natoa ushuhuda wa kanisani.

Wa kwanza niliunganishwa naye na kasisi wa gereza. Kasisi alikuwa ameagiza kitanda kwangu, na siku ya kukichukua akaniambia kuna kijana anatoka gereza la Kamiti. Alikuwa amehukumiwa miaka sita kwa kuvunja duka usiku, akatumikia minne, kwa kuwa mfungwa mwenye nidhamu hupunguziwa theluthi moja ya kifungo. "Mama, huyu anajua mbao kukushinda wewe." Nilicheka. Nikamwambia aje Jumatatu.

Alifika kabla ya saa moja asubuhi, tukamkuta amesimama mlangoni saa mbili. Kila nilichomwambia alijibu, "Ndio, afande." Vijana wangu walicheka mpaka wakashika benchi. Akitaka kwenda msalani alikuja mbele yangu, mikono nyuma, akangoja nimpe ruhusa. Chai ya saa nne ilipoletwa, wenzake walikalia mbao, yeye akachuchumaa ukutani kama mtu anayengoja kuhesabiwa. Tulimbandika jina la Randa, kwa sababu chombo hicho cha kulainishia mbao hakikumtoka mkononi.

Kazi yake ya kwanza nilimpa droo moja ya kabati. Kona zake alizifumanisha kwa meno, bila msumari hata mmoja, na ukiisukuma ile droo ilikuwa inaingia polepole, hewa ikitoka nyuma yake kama mtu anayeshusha pumzi. Miaka yote niliyokaa kwenye biashara hii sijawahi kuuza droo kama ile. Tatizo ni kwamba ilimchukua siku mbili na nusu. Kwa bei ninayouzia kabati, droo ni kazi ya asubuhi moja. Nilipomuuliza imekuwaje, alinishangaa. Ndani, akaniambia, ukimaliza droo mapema unaletewa nyingine. Hakuna anayeenda nyumbani. Na malipo ya mfungwa kwa siku nzima ya kazi yalikuwa senti, hayakufika hata shilingi. Sasa aharakishie nini?

Pale ndipo nilipoona kitu ambacho sijakisikia kwenye mikutano ya kuhamasisha waajiri, na nimealikwa miwili. Wanazungumzia kuwapa wafungwa ujuzi. Ujuzi wanao. Namba za magari tunayoendesha hutengenezwa Kamiti. Wako wanaofanyia mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, humo humo ndani, na wako waliosomea sheria. Tangu enzi za Mzee Moody Awori, alipokuwa waziri wa mambo ya ndani kuanzia 2003 na magodoro na televisheni zikaingia magerezani, mlango wa kujifunza umekuwa ukifunguka. Anachokosa mtu ni bei. Hajui futi ya mahogani imefika ngapi. Hajui mteja wa Nairobi anataka meza Ijumaa kwa sababu Jumamosi ana wageni, wala hajui jinsi ya kumwambia kwamba Ijumaa haitawezekana. Bodi za kiwandani zilizojaa kila duka sasa alizigonga kwa kidole, akauliza kama ni mbao kweli. (Hata mimi huwa najiuliza.)

Basi nikaandika ukutani kwa chaki: droo, saa tatu; mguu wa meza, dakika arobaini; kupiga msasa na vanishi kabati zima, siku moja. Nikamnunulia saa ya mkononi ya bei ya chini. Mwezi wa kwanza nilipata hasara kwake, na nasema hivyo waziwazi kwa sababu wanaomwambia mwajiri kwamba atafaidika tangu siku ya kwanza wanamdanganya, na mwajiri akishadanganywa mara moja hachukui wa pili. Mwezi wa pili tulitoka sare. Kufika wa nne, vijana waliomcheka ndio waliokuwa wakimwita aje awapimie kona.

Jambo jingine lilikuwa simu. Laini aliyoiacha alipokamatwa ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, mama mmoja aliyechoka kupigiwa na watu wanaomtafuta fundi. Kitambulisho chake kilipotea alipokuwa mahabusu, katika kituo ambacho sitakitaja. Bila kitambulisho husajili laini, bila laini huna M-Pesa, na bila hivyo viwili hata ukurasa wa eCitizen, ule wa huduma za serikali mtandaoni, hutoboi. Kwa wiki sita nilimlipa noti mkononi, wenzake wakilipwa kwa simu. Kila Jumamosi jioni kila mtu aliona nani analipwa tofauti, na kwa nini. Huyo alikuwa amekaa miaka minne tu. Wafikirieni wale waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa, ambao baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu, uliofuta ulazima wa hukumu ya kifo kwa mauaji, walirudishwa kortini kuhukumiwa upya. Baadhi yao waliingia kabla M-Pesa haijaanza 2007 na kabla Barabara ya Thika haijawa hiyo ya leo. Mtu kama huyo ukimpa toroli ya vifaa na kumpigia makofi, hujamsaidia kitu.

Halafu ikaja kazi ya shule. Shule moja ya kibinafsi iliagiza makabati ya wanafunzi, mengi kiasi cha kunitoa mwaka ule. Randa ndiye aliyeyachora na ndiye aliyeyasimamia. Siku ya kwenda kuyafunga wakataka cheti cha tabia njema cha kila fundi atakayevuka geti. Cheti hicho hutolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, baada ya kupigwa alama za vidole, kuonyesha kama uliwahi kuhukumiwa. Wengine walikuwa navyo, au walikwenda kuvitafuta. Randa aliniambia mapema, "Mama, mimi nibaki." Akabaki anafagia takataka za randa huku wenzake wakienda kufunga makabati yake. Waliniletea picha, nikamwonyesha. Aliikuza ile picha kwa vidole, akasema bawaba ya tatu wameipinda.

Mimi siilaumu shule kwa kutaka kujua nani anaingia palipo na watoto. Ningekuwa mzazi pale ningetaka vilevile. Lakini hakuna aliyeuliza alifungwa kwa kosa gani, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Siku hizi cheti hiki kinadaiwa hata na mtu anayetafuta wa kumpangia magunia. Anayetaka kuwa dereva au makanga wa matatu lazima awe nacho ndipo apate beji. Sawa, huyo amebeba roho za watu. Ila fungua Katiba, kifungu cha 99: anayezuiwa kuchaguliwa mbunge ni yule ambaye siku ya kuandikishwa kugombea au siku ya kura bado anatumikia kifungo kisichopungua miezi sita. Akishamaliza, kifungu hicho hakimzuii tena. Na kama rufaa haijaisha, vilevile hazuiwi. Kwa hiyo kufungwa hakukuondolei moja kwa moja nafasi ya kutunga sheria, lakini kunaweza kukunyima nafasi ya kufunga bawaba. Waingereza wana sheria tangu 1974 inayofanya hukumu nyingi zihesabiwe kuwa zimepitwa na wakati baada ya mtu kukaa miaka kadhaa bila kosa jipya, na kwa kazi nyingi hatakiwi tena kuzitaja. Kazi za watoto na nyingine nyeti zina masharti yake. Wabunge wetu wangeitazama hiyo, hasa wakikumbuka kifungu cha 99 kinavyowafaa wao.

Sasa yule wa pesa. Alikuwa wa tatu kuja, mtu mzima, fundi wa makochi, mdomo mtamu. Mteja wa Lang'ata alimpa shilingi 8,000 za kuanzia za kununulia sponji na kitambaa, na hatukumwona tena. Nililipa mimi. Majirani wa karakana waliniambia "si tulikwambia," na kweli walikuwa wameniambia. Lakini katika miaka hiyohiyo nimeibiwa na mafundi wawili ambao hawajawahi kulala hata usiku mmoja korokoroni, mmoja wao mtoto wa shangazi yangu, na hakuna jirani aliyeniambia nisiajiri tena watoto wa mashangazi.

Nikijiuliza tofauti ya huyu na wale watatu, naona moja. Wale watatu walikuja na mtu. Kasisi alipiga simu kila wiki kwa miezi mitatu. Kwa mwingine ilikuwa afisa wa probesheni, mama mmoja mkali aliyekuja mara mbili bila kuniarifu. Kwa mwingine dada yake. Huyu wa makochi alikuja peke yake na karatasi. Nairobi kazi haipatikani kwa karatasi, mnajua. Hupatikana kwa "huyu ni wa kwetu, akiharibu niulizeni mimi." Gereza humkata mtu kwenye ule uzi, na akitoka, waliokuwa wakimdhamini wamehama, wamekufa, au wamemkasirikia. Nikiambiwa nichague kati ya mtu mwenye vyeti vitatu vya ufundi na mwenye mtu mmoja atakayepokea simu yangu saa tatu usiku, nachukua huyo wa simu.

Kwa hiyo jibu langu kwa "nani" ni sisi wenye karakana ndogo, lakini msitusukumie mtu na kutuacha naye. Tuiteni tuingie huko ndani miezi sita kabla hajatoka. Nitakuja na oda halisi, na bei yake, na siku ya mteja kuichukua, tuone akikimbizana na saa. Kitambulisho na laini vishughulikiwe akiwa bado ndani. Na kwa "kazi gani," ni ile aliyoifanya miaka yote hiyo. Randa kabla hajaja kwangu alipewa kazi ya kuvuta mkokoteni sokoni Gikomba. Si vibaya, mkokoteni unalisha watu. Ila mkono uliotengeneza ile droo ulikuwa unabeba viazi. Kila tunapozungumzia jambo hili watu humtaja Pete Ouko, aliyesomea sheria gerezani na kuachiliwa 2016 kwa msamaha wa rais, na anastahili kutajwa. Lakini walio wengi hawakusomea sheria. Ni mafundi wa kawaida wanaotaka Jumamosi walipwe kama wengine.

Randa aliondoka kwangu baada ya miaka mitatu, ana kibanda chake sasa na ananichukulia wateja, shetani yule.

Kwa sasa nina nafasi ya mtu mmoja anayejua msasa na vanishi. Nimemwambia kasisi. Amenijibu anaye, mkono wake ni mzuri, na yuko tayari kumsimamia kama kawaida. Kisha akaniuliza kama nitamkubali mtu aliyefungwa kwa wizi wa mabavu. Ni siku ya nne leo, na bado sijampigia.