Chumvi na siki hazishiki rangi ya uzi, na hiyo Jik usiiguse kabisa

SWALI: Assalaam alaykum Bi Fundi. Mimi niko Malindi. Dadangu amejifungua na arubaini ni wiki mbili zijazo, nimemshonea mtoto gauni jeupe la popilini, kifuani na kwenye pindo nikadarizi maua mekundu kwa uzi wa mkono nilionunua sokoni. Kabla ya kulifua nikaliloweka kwenye maji ya chumvi na siki usiku kucha ili rangi ishike, kama tunavyoambiwa. Asubuhi maji mekundu, gauni limekuwa la waridi kuzunguka maua yote, tena darizi imekunjamana. Nimelianika limekauka, pasi sijapiga. Jirani ananiambia nilitie kwenye Jik kidogo tu. Na nina kitambaa cha kofia ya kaka yake, nilitaka kudarizi kwa uzi huo huo. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam mwanangu, na hongereni kwa mgeni. Jik hiyo iache kabatini usifungue hata kifuniko, nitafika huko nikwambie kwanini. Na umefanya la maana sana kutopiga pasi.

Ila ngoja kwanza nitoe la moyoni, manake kila ikikaribia Idi, na kila ikikaribia Mfungo Sita watu wa hapa Lamu wanaposhonea watoto nguo za Maulidi, swali ni hili hili moja. Rangi imetoka, na niliweka chumvi. Kila mtu aliweka chumvi! Wengine wakaongeza siki, wengine ndimu, kuna mmoja aliongeza na shabu, na nguo zote zimechuja, na bado mtu akitoka hapa anaenda kumfundisha mwenzake aweke chumvi.

Aliyeanzisha neno hili hakulitunga, alisikia nusu. Wanaopika rangi ya pamba hutia chumvi kweli, na sio kijiko, ni nyingi, lakini wanaitia ndani ya pipa la rangi wakati uzi bado haujapata rangi. Kazi yake mle ni kuisukuma rangi itoke kwenye maji iingie kwenye pamba. Basi. Uzi ukishatoka kiwandani na rangi yake, kuuloweka kwenye chumvi ni sawa na kutia chumvi wali ulioshapakuliwa, umechelewa.

Na kwako wewe imekuwa zaidi ya kuchelewa, imekuharibia. Angalia. Uzi wako ulikuwa na rangi iliyozidi ambayo haikuoshwa vizuri huko ulikotengenezwa, ile rangi ikatoka ikaingia kwenye maji, kwenye maji ikakuta chumvi, na chumvi ikafanya kazi ile ile inayoijua, ikaisukuma rangi kwenye pamba iliyo karibu. Pamba iliyo karibu ni ipi? Si popilini lako jeupe! Yani usiku kucha ulikuwa unalitia gauni rangi, tena kwa njia ya kitaalamu kabisa. Ungeliloweka kwenye maji matupu mengi ungepata doa dogo kuliko hilo.

Siki nayo ni hadithi ya sufi na hariri. Rangi za sufi zinapenda asidi, ndio maana wanaozipika hutia siki. Pamba sio sufi. Zile rangi za pamba zinazoshika kweli kweli, ambazo kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuziuza 1956, zinataka kinyume cha siki, zinataka magadi soda, ile ile inayochimbwa Ziwa Magadi. Sasa nakuomba usisome hapa ukakimbia kuloweka uzi kwenye magadi, manake najua wapo watakaofanya hivyo leo jioni. Magadi yanafanya kazi pipani, rangi ikiwa bado mbichi. Rangi iliyozidi kwenye uzi wako imeshakufa, haifungiki tena na kitu chochote cha jikoni, dawa yake ni kuiosha itoke iishe.

Nikisema hivi naambiwa, lakini mamangu alikuwa anaweka chumvi na leso zake mpaka leo zinawaka. Sawa. Leso ile ilitoa rangi ya ziada kwenye maji ya kwanza na ya pili, ikaisha. Maji ndiyo yaliyofanya kazi, sifa ikachukuliwa na chumvi. Tena leso ina rangi kitambaa kizima, ikitoa nyekundu kidogo ikajipaka kwenye nyeusi nani ataona? Na kama chumvi ingekuwa inashika rangi basi sisi wa visiwani tusingekuwa na nguo inayochuja hata moja, visima vingapi huku maji yake ya chumvi na watu wanafulia miaka nenda miaka rudi.

Haya, gauni. Chukua beseni kubwa au lile karai la shughuli, kitu cha kuingia ndoo nzima ya lita 20, maji ya baridi yasiyo ya chumvi, na matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo. Tumbukiza gauni lote, lielee wazi, lisijikunje darizi ikalala juu ya kitambaa cheupe. Maji mengi ndio siri yenyewe, rangi ikitoka ipotelee majini isipate pa kurudi. Liache masaa, hata usiku mzima, maji yakionyesha rangi yamwage uweke mengine na sabuni nyingine, hivyo hivyo mpaka yabaki meupe. Inaweza kuchukua siku mbili tatu na wala usichoke katikati, watu wengi wanachoka maji yakiwa bado ya waridi hafifu wanasema yametosha, hayajatosha. Usilikamue kwa kulisokota. Likitoka likunje ndani ya taulo jeupe ulikandamize maji yanywewe, halafu ulitandaze penye upepo likauke upesi. Gauni likibaki limekunjwa na unyevu rangi inatembea polepole kwenye kitambaa na kuacha mchirizi pembeni, na hapo umerudi mwanzo.

Kama baada ya hapo kuna waridi kidogo imebaki, kuna zile poda za kung'arisha za oksijeni, Vanish na jamaa zake, za nguo nyeupe na za rangi pia, soma pakiti, jaribu kwanza kwenye ua moja la pindoni kwa ndani. Zinaweza kuufifisha uzi wako mwekundu kidogo. Na ikishindikana kabisa fumua maua udarizi upya, mita mbili tatu za uzi sio msiba.

Kukunjamana sitakaa nako sana. Hukulowesha popilini kabla ya kukata. Pamba ambayo haijafuliwa kurudi asilimia 3 mpaka 5 kwenye maji ya kwanza ni kawaida, kwenye gauni la sentimita 60 hiyo ni karibu 2 mpaka 3, na kitambaa kikirudi chini ya darizi ambayo yenyewe hairudi kiasi hicho, lazima kijikunyate. Au uliuvuta uzi sana, au nyuma ulirukia mbali kutoka ua moja hadi jingine bila kukata. Likiwa bado na unyevu, na rangi imeshaisha kutoka, lilaze kifudifudi juu ya taulo, vuta taratibu lirudi umbo, lishikize kwa pini mpaka likauke, halafu pasi upande wa nyuma. Mara nyingi linanyooka la kutosha. Na kitambaa cha kofia kilowesheni leo, kikauke, kipigwe pasi, ndio kikatwe. Hapa kwetu fundi wa kofia anajua kofia yake itafuliwa na kupigwa wanga mara na mara, hawezi kukaa wiki na wiki anachoma sindano kwenye kitambaa ambacho hakijaona maji.

Sasa huo uzi. Usiiguse kofia nao kabla hujaupima, na kupima kwenyewe hakukugharimu kitu. Kata urefu wa shubiri, utie kwenye kikombe cheupe cha maji ya moto pamoja na kipande cha popilini ile ile, nusu saa. Halafu utoe ukiwa majimaji, uubane katikati ya kitambaa cheupe, upige pasi ya moto juu yake. Kitambaa kikibaki cheupe, darizi kwa raha zako. Kikishika rangi, osha fungu zima kabla ya kushona. Lifunge kilegevu sehemu mbili tatu kwa uzi mweupe lisije likawa fundo, lisuuze kwenye maji ya moto na sabuni mara kwa mara mpaka yawe meupe, upime tena. Ukiona unasuuza na kusuuza na maji bado ni damu ya mzee, uzi huo ni wa kitambaa cheusi au wa kufungia maandazi, sio wa nguo ya mtoto. Wanaosumbua zaidi ni nyekundu, maruni, buluu ya giza, zambarau na nyeusi, hizo mimi napima hata zikitoka kwa kampuni kubwa. Nyuzi za makampuni yanayojiheshimu, DMC ya Ufaransa kwa mfano ambayo ipo tangu 1746, kwa kawaida hazitoi, lakini lebo mtu yeyote anaweza kuchapisha kwahiyo pima tu. Na kama moyo wako hautulii nunua uzi wa kudarizi wa polista, ule unatiwa rangi kiwandani kwa joto kama la sentigredi 130, kwenye beseni lako la maji ya uvuguvugu hauna sababu ya kuachia. Kuujua choma ncha nje ya nyumba, pamba inaungua kama karatasi ikawa jivu, polista inayeyuka ikawa kishanga kigumu.

Nikishaelezea yote haya kuna mtu atauliza, si kuna dawa ya kushika rangi inauzwa kwenye vifuko? Inauzwa. Dawa za kweli za namna hiyo zipo, wenye viwanda na wanaotia batiki wanazo, zina jina na kipimo na maelezo, na nazo zinasaidia rangi fulani tu. Wewe unayeuziwa unga mweupe kwenye kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo, hakuna jina hakuna maelezo, umeambiwa ni dawa, unajuaje sio chumvi ya mawe iliyosagwa? Na ikiwa sio chumvi ndio mbaya zaidi, manake hiyo nguo anavaa mtoto wa siku arubaini anayetia kola mdomoni mchana kutwa. Hao jamaa wa video nao, anamimina chupa tatu kwenye beseni moja huku muziki unapiga, anatoa nguo inang'aa, wala huoni kama ni nguo ile ile. Ninyi mnaoshona zawadi za kuuza, mteja hatamtafuta mwenye video, atakutafuta wewe.

Na hapo ndipo tunarudi kwa jirani yako na Jik yake kidogo tu. Gauni lako limelala kwenye siki. Jik na blichi yoyote ya klorini ikikutana na siki, au ndimu, au zile dawa kali za kusafishia choo zenye asidi, inatoa gesi ya klorini, na hiyo ni ile ile iliyorushiwa wanajeshi kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Kwenye beseni haitakuwa nyingi kama ya vitani lakini kwa choo cha nyumba ya mawe, kitundu cha dirisha juu kabisa na mlango umefungwa na mtoto yuko mgongoni, haihitaji kuwa nyingi. Nepi zilizolala na mikojo ni hivyo hivyo, mkojo uliochacha una amonia na ikichanganyika na Jik inatoa mvuke mwingine wa kuchoma kifua, kwahiyo nepi zinasuuzwa kwanza kwa maji matupu mengi. Ukiacha gesi, blichi ya klorini ingekula maua yako yote kabla haijamaliza doa, na ikirudiwa rudiwa inaichosha pamba mpaka inachanika kwa kidole.

Kwahiyo kabla ya jambo lolote lisuuze hilo gauni siki iishe, na beseni pia lisuuze. Na kama kuna mwenye kusoma hapa ambaye ameshachanganya, anasikia harufu kali puani, macho yanawasha, anakohoa, asiinamie beseni kulimwaga. Atoke, atoe na watoto, aache milango na madirisha wazi upepo wa bahari upite, na akiona kifua kinabana au mtoto anapumua kwa shida aende hospitali hapo hapo na aseme alichanganya nini na nini, asione haya.