Picha Kwanza, Spana Baadaye

Jumamosi iliyopita nilifika Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, saa nne asubuhi nikawakuta vijana wangu wawili wamepiga magoti mchangani chini ya tezi, yaani nyuma ya boti. Mmoja ameshika nyundo ya kilo mbili, mwenzake anamwonyesha pa kupiga. Kiini cha propela kimeng'ang'ania ncha ya shafti, nao wameamua kukibembeleza kwa nyundo wakati pula, kifaa cha kuking'oa kwa kukivuta, iko kwenye sanduku, hatua tatu kutoka walipo. Pembeni kuna beseni la bluu lenye dizeli, na ndani yake mapanga yote matatu ya propela yamelala pamoja na bolti, pini na gia ya katikati, kama magimbi yanayosubiri kumenywa.

Nikauliza, panga namba moja ni lipi? Wakatazamana.

Sikugomba. Nilikwenda kukaa chini ya mwembe kama dakika kumi hivi, kwa sababu beseni lile nalifahamu. Langu lilikuwa jekundu.

Basi nawaandikia ninyi mliotoka vyuo vya ufundi vya VETA na vyeti vyenu, na ninyi mliotokea kwenye mashine za kusaga na bodaboda mkaja kunililia mjifunze boti. Propela za kawaida mnaziweza, sina neno. Hizi za kujilaza, za boti za matanga, ambazo mapanga yake hulala injini ikizimwa, kwetu ziwani ni za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vikabaki. Mimi nilizizoea Dar kabla sijarudi nyumbani. Lakini zikija, zinaletwa kwetu, na mwenye nayo anakuwa ameilipia pesa ya kununulia ng'ombe kadhaa.

1. Funguo ya injini iwe mfukoni mwako wewe uliye chini ya boti. Siyo mfukoni mwa rafiki yako aliye juu.

2. Kabla ya kufungua chochote, hakikisheni kweli imeharibika. Nusu ya malalamiko ninayopata ni ya nahodha, si ya propela. Mnajua inavyofanya kazi: kila panga lina meno kwenye kitako chake, yanaumana na gia ya katikati, shafti ikizunguka mapanga yanafunguka mpaka yanagota. Ukitia gia ya nyuma yanapinduka yenyewe, ndiyo maana boti hizi zinarudi nyuma vizuri kuliko zenye propela ya kawaida. Ukizima injini boti ikawa inakwenda kwa tanga, maji ndiyo yanayoyalaza mapanga, kwa sharti kwamba shafti imesimama. Ikiachwa izunguke ovyo, mapanga yanabaki wazi na boti inakwenda kama inaburuta ndoo.

Sasa kulikuwa na nahodha mmoja, mtu mzima, ananiamkia vizuri kabisa halafu ananiambia "propela yako imekufa tena". Yangu! Mara tatu nilipanda bodaboda kutoka Kyela mjini, mara tatu nikakuta mapanga yanacheza kwa kidole kama bawaba iliyotiwa mafuta. Mara ya nne nikamwomba tutoke wote. Kumbe bwana anaweka gia huru kwanza, anaiacha injini ipumue, anaweka kofia yake vizuri, ndipo anazima. Dawa yake ni hii: matanga juu, injini taratibu gia ikiwa mbele, mwendo noti 2 au 3 (maili za baharini kwa saa), zima injini humo humo kwenye gia. Shafti ikiendelea kuzunguka baada ya hapo, tia gia ya nyuma iikamate. Ikigoma, washa, songa mbele kidogo, zima tena. Giaboksi ya haidroli, inayofanya kazi kwa shinikizo la mafuta, haikamati shafti injini ikizimwa, kwa hiyo kwenye hizo muwe makini zaidi, na wengine hufunga breki ya shafti. Yule mzee siku hizi anawafundisha wenzake, na anasema aligundua mwenyewe.

3. Zinki. Hapa wengi wenu mnabeba elimu ya baharini mnaimwaga ziwani. Ile anodi, kile kipande cha metali pale mwisho wa propela, ni mbuzi wa kafara: inaliwa yenye thamani ndogo ili ipone yenye thamani kubwa. Kwenye chumvi zinki inafanya kazi hiyo vizuri. Nyasa ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na humo zinki inajifunika utando mgumu, inalala usingizi, halafu kinacholiwa ni propela. Kijana mmoja aliniambia kwa furaha, "Fundi, zinki ya mwaka jana bado nzima, tumeokoa hela." Nikamwambia alete bisibisi. Tukagonga panga kwa mpini wake. Panga zima hulia kama kengele. Lile likajibu kama ubao. Tukasugua kidogo kwa msasa, rangi ya waridi ikatokea, ya shaba iliyobaki peke yake baada ya zinki iliyokuwa ndani ya mchanganyiko kunyonywa. Hapo tena hakuna fundi.

Ziwani wekeni magnesiamu. Boti ikirudi Tanga au Dar, itoeni kabla haijagusa chumvi, maana kule inakwisha kama sukari kwenye chai. Inayotanga huku na huku ifungiwe ya aluminiamu. Na jamani, msiipake rangi anodi. Niliwahi kukuta imepakwa ikapendeza kweli.

4. Alama. Nimechelewa kufika hapa kwa makusudi, kwa sababu hapa pananiuma.

Ilikuwa mwaka 2016. Boti ya futi 36, imeletwa kwa lori mpaka Kyela, mwenyewe ni mzee wa kizungu mstaafu aliyetaka kuzunguka mwambao wote mpaka Mbamba Bay. Propela ya mapanga matatu, grisi imekauka, anataka isafishwe tu. Kazi ya siku moja. Boti tuliivuta kwa magogo na kamba, watu ishirini na wimbo, ikapanda mchangani.

Nikafungua. Nilikuwa na haraka ya mtu anayejiona anajua. Aina ile ina namba kwenye kila panga, na herufi zimegongwa kwenye vitako na kwenye gia ya katikati. Herufi unayoioanisha ndiyo inayoamua panga litakaa kwa pembe ya nyuzi ngapi. Namba na herufi zote zilikuwa chini ya grisi ya miaka. Sikufuta nikasoma. Sikupiga picha, na simu ilikuwa mfukoni, tena nilikuwa nimetoka kumpiga picha mbuzi wa mtu aliyepanda kwenye ngalawa. Nikatupa kila kitu kwenye beseni jekundu, nikamimina dizeli, nikaenda kula wali na mbasa.

Niliporudi jioni ilikuwa imeingia. Wale nzi wadogo wa ziwani walikuwa wanatoka kama moshi, wanaingia puani. Wavuta kamba wanataka waimalize kazi leo wapewe chao. Nikawa nasoma herufi kwa tochi ya simu iliyoshikwa na mtoto, naye mtoto anafukuza nzi kwa mkono huo huo wenye simu. Panga la kwanza sawa. La pili sawa. La tatu likaingia kwa jino la pembeni.

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Sikuwa sijaona. Nilipoyalaza mapanga kwa mkono kujaribu, mawili yalilala chali na la tatu likabaki limeinua bega, kidogo tu, unene wa kidole. Nililiona. Nikajiambia litajiweka sawa likipata maji. Vitu havijiweki sawa vikipata maji! Nikafunga bolti, tukaimba, boti ikashuka.

Asubuhi yake mzee akawasha. Kwa mwendo wa taratibu ilikuwa nzuri. Ikifika mizunguko 1,800 kwa dakika vikombe jikoni vinaanza kucheza ngoma, na kwenye sehemu shafti inapotokea maji yanadondoka kuliko kawaida. Akaniuliza ni nini. Nikasema, bila hata kumeza mate, "mauntingi za injini, mzee, zimechoka." Yaani vile vikalio inavyokalia injini.

Siku mbili nikapanga injini na shafti kwa fila geji, kile kipimo cha nafasi nyembamba, mgongo unauma. Ikatetemeka vile vile. Nikaagiza mauntingi mpya Dar. Zikaja kwa basi baada ya siku kumi na moja, zikafungwa. Ikatetemeka. Kila nilipokaa kufikiri, akili ilizunguka boti nzima, kutoka omo mpaka tezi, ila ilipofika kwenye propela ilipita haraka kama mtu anayempita anayemdai. Nikasema ni beringi ya mpira ya shafti. Na kweli kwa wakati ule ilikuwa imeanza kuliwa, kwa sababu ya mtetemo niliouleta mwenyewe. Wiki ya tatu boti ikapandishwa tena, magogo tena, kamba tena, wimbo tena, pesa ya mzee tena.

Kulikuwa na mama mmoja anawauzia chai na maandazi wavuta kamba. Akasimama nyuma ya boti na birika lake, akatazama, akasema, "Baba, mbona hilo moja limekaa upande kama jino la mlevi?"

Watu ishirini wakageuka kutazama propela. Halafu wakageuka kunitazama mimi.

Nikacheka, nikasema, "Mama, hivyo ndivyo zilivyo." Usiku nikarudi peke yangu na taa, nikafungua, nikafuta grisi, nikasoma herufi kama mtoto wa darasa la kwanza, nikafunga upya. Saa moja na nusu, basi. Asubuhi nikabadilisha beringi, boti ikashuka, ikatulia kama imelala. Mzee akaniuliza, kwa upole sana, "Fundi, ulipofungua mara ya kwanza ulipiga picha?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akanilipa yote, mauntingi, beringi, siku zangu zote. Baadaye nikasikia alikuwa anakunywa chai kwa yule mama kila asubuhi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko nilivyodhani. Hakuniita tena. Mwaka uliofuata alimtoa fundi Dar, kwa nauli yake mwenyewe, aje kutia grisi.

Kwa hiyo nikiwakuta na beseni moja msidhani nina hasira na ninyi. Yaani ninayo, lakini kuna mwingine wa kugawana naye. Futeni kabla ya kufungua. Someni. Picha upande, picha mbele, picha ya kila herufi, na andikeni kwenye daftari kwa sababu simu zenu zinaanguka ziwani. Kila panga liwe na kopo lake. Kabla ya kushusha boti, mapanga yalazwe kwa mkono: yote matatu yalale sawasawa, na yote yafunguke sawasawa. Na boti ikitetemeka baada ya mkono wako kupita, anzia pale pale mkono ulipopita. Hata kama panakuaibisha. Hasa kama panakuaibisha.

5. Grisi iwe ile isiyooshwa na maji, ijae mpaka itoke upande wa pili, kila mwaka boti ikipandishwa.

6. Ule mlio wa "ko!" ukibadili gia ni mapanga yanapinduka, si ugonjwa. Ila badilini injini ikiwa chini kabisa. Anayebadili akiwa kasi anakula meno ya gia.

7. Propela ikikataa kulala ghafla, na jana ililala, tazameni kwanza kamba na nyavu. Ziwani kwetu uzi wa nyavu za dagaa unajizungusha kwenye shafti mpaka unakuwa kama sufi ndani ya mto wa kulalia. Kuna kijana wangu wa Makete, kule milimani kwenye baridi, yule anayevaa koti hata Kyela kwenye joto, alitaka kuzama akakate karibu na mdomo wa mto, maji ya matope, saa kumi na mbili jioni. Nikamuuliza kwao kuna mamba? Akasema hawajawahi kuona. Nikamwambia na mamba wa huku hawajawahi kuona mtu wa Makete, watataka kuonja. Boti isogezwe kwenye maji meupe, mchana, mtu mwingine akiangalia.

8. Injini haifiki mizunguko yake na inatoa moshi mweusi: mapanga yamekaa wima mno, punguzeni nyuzi. Inapanda mizunguko kupita kiasi na boti haisongi: kinyume chake.

9. Bolti zote za kifuniko ziwe na pini zake au gundi ya kufungia. Pini ya zamani haikunjwi mara ya pili, hata kama inaonekana nzuri. Shilingi mia mbili ya pini isiangushe kitu cha mamilioni mahali ambapo ziwa hili lina kina cha karibu mita 700.

10. Nilitaka kusema habari ya kusugua kiti cha anodi mpaka chuma kwa chuma vigusane. Nimeshasema.

Yale mapanga ya Jumamosi bado yako kwenye stoo, nimeyafuta na kusoma herufi, sijawaambia lipi ni lipi. Alhamisi saa mbili asubuhi tunayafunga, ninyi wawili ndio mtakaofunga, mimi nitakaa chini ya mwembe. Njooni na makopo matatu ya maziwa, yaliyooshwa. Na yule mama wa maandazi bado yupo, sasa anauza na soda. Mkimaliza nitamwita aje atazame.