Vilabu kwenye chuo cha kilimo baada ya vita: katiba itasubiri, leteni mbuzi wanne

Niliingia chuo cha kilimo mwaka kilipofunguliwa tena baada ya vita. Wanafunzi hatukufika 90, maabara haina darubini nzima hata moja, zizini mbuzi 11, na kabla mwezi haujaisha tayari tulikua na vilabu 9, ndio 9, kila kimoja na mwenyekiti wake, makamu, katibu, mwekahazina na mhuri. Nawaelewa kabisa, ukikaa miaka unaitwa mkimbizi tu au mpiganaji tu halafu siku moja mtu anakuita mheshimiwa mwenyekiti, we acha. Ila piga hesabu mwenyewe, ukitoa wale wasiopenda kitu chochote zaidi ya kulala, kila klabu ilibaki viongozi watupu wanaoongozana. Muhula wa pili vilibaki 3. Kwa hiyo kama uko kwenye chuo kidogo cha hivyo, anzisheni viwili au vitatu basi, na kila kimoja kiwe na kitu cha kushika mkononi.

Mpira kila mtu atakwambia unaunganisha watu. Sio mpira peke yake! Sisi tulipanga timu kwa mabweni, na mabweni yalijaa kwa kufuata nani alitoka upande gani, sasa unategemea nini? Mechi ya kwanza haikufika hafutaimu. Afu kuna ishu ya filimbi ambayo hakuna aliyeifikiria, refa alipuliza jioni giza linaingia, jamaa aliyekua pembeni yangu nikageuka nakuta yuko chini kifudifudi, mikono kichwani. Hakuna aliyecheka. Kuanzia siku ile refa akawa anapunga kitambaa, na timu tukazipanga kwa zamu za kukamua, zamu ya Jumatatu dhidi ya zamu ya Alhamisi, maana watu mliodamka pamoja saa 10 alfajiri kumkamua mbuzi mkorofi mna kitu cha kutetea ambacho hakihusiani na mlikotoka.

Kulikua pia na klabu ya mazungumzo, viti duara, kila mtu aeleze yaliyomkuta. Nilienda mara mbili nikaacha. Nia ilikua nzuri, lakini mtu hajajua hata jina la aliyekaa naye halafu unamtaka afungue kifua mbele ya watu 20? Anayehitaji msaada wa hivyo apelekwe kwa mtaalamu, sio kwa katibu wa klabu mwenye miaka 19.

Na shamba la klabu lisilimwe mahali papya mpaka wataalamu wa kutegua mabomu waseme pako salama. Hili halina mjadala, hata kama mwenyeji anakuapia kwamba ng'ombe hupita hapo kila siku.

Sasa sungura. Klabu ya sungura ni nzuri sana kwa chuo kisicho na hela, ila kosa letu la kwanza lilikua kusahau kwamba likizo haiwahusu wanyama. Majike walizaa wiki tuliyofunga chuo, mlinzi akaachiwa maelekezo kwenye karatasi, tuliporudi... basi bana. Sungura anabeba mimba siku kama 31 na watoto unawaachisha kunyonya wakiwa na wiki 5 au 6, kwa hiyo ukimpandisha mwishoni mwa wiki ya kwanza ya muhula, anazaa kama wiki ya 6, na wiki ya 12 watoto wanajilia majani wenyewe na nyinyi bado mpo. Siku ya 28 sanduku la kuzalia liwe limeshaingia bandani na nyasi kavu ndani. Tulibandika kalenda ya hivyo kwenye mlango wa banda na kukosea kukaisha. Hela ya mauzo tuliweka kwenye kisanduku chenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio marafiki, asee hiyo ilifanya kazi kuliko hotuba zote za uaminifu.

Lakini kilichonibadilisha mimi ni klabu ya kupima mifugo, yaani kushindana kupanga wanyama kwa ubora kwa kuwaangalia tu, ambayo nilijiunga kwa sababu tu ilikua karibu na bweni. Patroni wetu ndo aliileta. Huko Marekani mashindano ya hivi ni ya zamani sana kwenye vyuo vya kilimo, na mwaka 1947 karibu nusu ya waliodahiliwa vyuoni kule walikua askari waliotoka vitani, kwa hiyo vyuo vyao navyo vilijaa watu wazima waliotoka kushika bunduki wakakaa dawati moja na vijana wa juzi. Mchezo wenyewe ni rahisi: wanaletwa mbuzi 4, unawaangalia kimya, unawapanga wa kwanza mpaka wa nne kwa penseli, halafu unasimama dakika mbili unatoa sababu. Hauruhusiwi kusema "nimempenda tu". Unasema mgongo umenyooka, kifua kipana, miguu ya nyuma haijapinda, kiwele kimeshikana vizuri. Mwenzako akipanga tofauti anasikilizwa mpaka amalize, na wewe pia.

Kwenye klabu tulikua na kaka mmoja ambaye vitani alikua kiongozi, akiongea watu bado walikua wanasimama bila kujijua, na wengi walimwita kamanda hadi bwaloni. Patroni alikataza cheo zizini. Siku moja yule kaka kampa mbuzi mweupe namba moja, kila mtu akakubali haraka haraka kama kawaida, isipokua binti mdogo kuliko wote, akasimama akasema yeye anampa ya tatu kwa sababu chuchu moja imeelekea nje na kiwele kimelegea upande huo, ukimwangalia kwa nyuma unaona. Zizi likanyamaza. Mimi nilikua naangalia mlango uko wapi.

"Rudia hapo kwenye kiwele," kaka akasema.

Akarudia. Kaka akazunguka nyuma ya mbuzi, akachuchumaa, akaangalia muda mrefu kweli, halafu akaomba penseli irudishwe abadili namba zake.